Ilikuwa Sawa Ilipotoka

Ukipita uwanja wetu wa basketi pale Kaloleni jioni yoyote utawakuta wachezaji wa zamani wamekalia kiukuta cha mawe, wanabishana jambo lile lile: tulifanya vyema kumtoa namba nne wetu tukamchukua wa timu ya mtaa wa Fedha? Wananiuliza mimi kwa sababu mimi ndiye niliyemtoa. Nilikuwa meneja wa timu, cheo kisicho na mshahara, na mchana nauza viatu vya mitumba soko la Jericho. Kuulizwa kama mali ni nzuri nimezoea.

Kwa asiyejua mchezo, namba nne ni lile jitu linalokaa karibu na ringi. Mpira ukigonga chuma ukarudi, ni wake kuudaka. Mpinzani akija mbio kufunga, ni mwili wake utakaokuwa njiani. Wetu alikuwa mfupi kidogo kwa kazi hiyo lakini mpana kama kabati, na riziki yake ilikuwa kubeba magunia ya viazi hapo hapo Jericho. Shuti hakuwa nalo. Akirusha mpira kutoka mbali, sisi wa kwake tulitazama chini kwa heshima. Lakini siku moja nilimhesabia mipira kumi na minne aliyoidaka chini ya ringi, nikarudia hesabu na mwandishi wa pointi mezani, tukapata kumi na mitano. Mmoja aliuchukua nikiwa nimepepesa macho.

Yule wa Fedha alikuwa mrefu, mtu wa ofisi, mwenye viatu vipya kabisa, jambo lililonikera kibiashara. Alifunga pointi ishirini bila kutoka jasho. Akiguswa, alianguka kama shati lililotoka kwenye kamba.

Wiki mbili kabla ya ligi kuanza, namba nne wetu alikuja kwenye meza yangu ya viatu, akakalia gunia, akakunja suruali. Goti lilikuwa limefura kama andazi.

"Meneja, niweke nje mechi mbili, tatu hivi. Na usiambie mtu. Hapa sokoni wakijua niko na goti, magunia watapea mwingine."

"Sawa."

"Hata timu usiambie."

"Si nimesema sawa."

Na kweli sikumwambia mtu. Hapo ndipo penye taabu: siri aliyonipa nikaitumia.

Timu za mtaa hazina mawakili. Mameneja wawili wanakaa, wanaelewana, wachezaji wanaambiwa, fomu za ligi zinajazwa. Jumapili baada ya kanisa nilikutana na mwenzangu wa Fedha nje ya ukumbi wa mtaa. Nilianza kama ninavyoanza asubuhi nikienda kununua marobota ya viatu: nikaponda mali yake. Nikamwambia mtu wake ni shati la kamba. Akaniambia wangu hawezi kutia mpira hata kwenye karai. Tulikuwa tunasikizana vizuri sana.

"Na miguu?" akauliza. "Magoti yake yako aje?"

"Huyo amebeba magunia miaka tisa. Nenda uulize magunia."

Akacheka. Mteja akicheka, umeshauza. Tulipopeana mikono nikakumbuka mila ya soko, kwamba mtu haondoki bila nyongeza, nikaitisha mipira miwili juu. Akatoa. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja: nimepata mtu mzima kwa mtu mwenye goti bovu, na mipira miwili juu.

Namba nne wetu nilimwambia Fedha kuna raha zaidi. Aliuliza swali moja tu.

"Watanipumzisha?"

"Watakupumzisha."

Watampumzishaje, na hakuna aliyewaambia?

Sasa wale wa kwenye kiukuta hapa ndipo wanapopandisha sauti, na kwa matokeo yaliyoandikwa wanaonitetea wana haki. Tulishinda mechi nne za kwanza. Yule mrefu alifunga hadi watoto wa mtaa wakaanza kumuiga anavyotembea. Wanaonipinga wanasema tulianza kufungwa chini ya ringi kama mlango umeachwa wazi. Hilo nalo ni kweli, nililihesabu mara mbili. Lakini hawajui kuhusu goti, na sijawahi kuwaambia, kwa hiyo wanabishana juu ya nusu ya hesabu.

Mechi ya tatu ya Fedha, namba nne wetu aliruka kudaka mpira akatua vibaya. Hakuguswa na mtu. Waliokuwepo wanasema alilala akitazama ringi, na kwamba sauti ya goti ilisikika hadi kwenye benchi.

Baada ya wiki chache meneja wa Fedha alimleta namba nne kwenye meza yangu. Namba nne alikuwa amejiegemeza kwenye fimbo ya kipande cha bomba. Wateja watatu walikuwa wanajaribu viatu.

"Ulituuzia kitu mbovu," akasema yule meneja. "Daktari amesema hii ni ya kitambo. Rudisha mtu wako."

Mfanyabiashara akiambiwa hivyo mbele ya wateja, mdomo hujibu kabla ya kichwa. Jibu hilo nimelitoa kwa soli zilizobanduka na zipu zilizokwama:

"Ilikuwa sawa ilipotoka hapa."

Wateja wakacheka. Kwa Kiswahili cha shule goti ni 'lilikuwa', kiatu ni 'kilikuwa'. Mtaani kwetu vyote ni 'ilikuwa', hatuna muda. Ila mtu. Hata mtaani kwetu, mtu ni 'alikuwa'.

Namba nne aliniangalia. "Ni goti unasema, ama ni mimi?"

"Goti, bana."

"Goti si nilikuonyesha?"

Wateja wakaacha kucheka. Aligeuka akaenda zake, na meneja wa Fedha akabaki ananitazama kama mtu aliyegundua amevaa viatu vya kushoto vyote viwili.

Namba nne hajabeba gunia tena. Siku hizi anaziba pancha za mikokoteni nyuma ya soko, kazi ya kukaa. Yule mrefu alituacha msimu ulipoisha, hakuaga. Ile mipira ya nyongeza, mmoja uliibwa. Wa pili ulianza kupoteza upepo, na mwezi uliopita nikaubeba hadi kibandani kwa namba nne, kwa kuwa fundi mwingine hayupo. Angalau hivyo ndivyo nilivyojiambia njiani.

Aliutia kwenye beseni la maji, akautazama ukitoa mapovu.

"Hii ni ya Fedha."

"Ndiyo."

"Nayo ilikuwa sawa ilipotoka?"

"Haukuwa sawa," nikasema. "Na wewe hukuwa sawa. Nilijua."

Aliugeuza mpira, akatafuta tundu kwa kidole.

"Siku hizi unaongea Kiswahili ya shule," akasema.

Gundi ilikuwa upande wa pili wa kibanda. Nikajitolea kumletea, akakataa kwa mkono. Alishika gurudumu la mkokoteni kwanza, akavuta ule mguu mzima chini yake, akapumzika, halafu akauburuta ule mwingine. Nilihesabu. Pumzi nne hadi kusimama. Aliporudi kukaa, nikahesabu tena.