Kokoto Nyeupe na Mndimu wa Mwisho wa Nei Mimaere

Saa moja asubuhi, Bikenibeu, kwenye kisiwa chetu chembamba cha matumbawe. Nei (yaani Bi) Teaberoa amepiga magoti kwenye ua wa watu, kidole kimezama chote ndani ya ndoo kuukuu ya rangi. Mndimu uliomo haumfiki mtu kiunoni. Majani yamekuwa manjano, mishipa tu ndiyo bado kijani.

"Taratibu, wewe!" anafoka Nei Mimaere, mwenye nyumba, mikono kiunoni. "Umeshauua nusu, sasa umekuja kuumalizia?"

"Nisamehe, mama. Naangalia maji yanatuama wapi."

Teaberoa, 49, huuza mimea ya kwenye ndoo na udongo wake. Ardhi yetu ni mchanga wa matumbawe mtupu, kwa hiyo huozesha majani, makumbi ya nazi na samadi ya nguruwe mpaka apate udongo mweusi. Wiki nzuri humpa dola sabini, na ndizo zilizosomesha mabinti zake wawili.

Tangu mwaka jana wiki nzuri zimekuwa adimu. Ndoo kumi na tisa zimerudishwa kwake, mimea imekauka. Kanisani wanawake walimwachia benchi zima akae peke yake.

"Waliniita muuza makaburi," anasema. Anacheka kidogo, kisha anajifuta macho kwa kiganja.

Kosa lilikuwa kokoto. Kwetu, ua usiotandazwa kokoto nyeupe ni ua wa mvivu, na Teaberoa alitandaza kokoto hizo juu ya kila ndoo aliyouza, ipendeze. Wateja walizigombania. Hata mimi nilinunua ndoo mbili, nikazisifia kwa majirani! Lakini kokoto zenyewe ni matumbawe. Kila ukimwagilia, chokaa hushuka mizizini, na mmea hufa njaa huku chakula kipo.

"Niligundua kwa uvivu wangu," anasimulia. "Ndoo moja ya nyumbani sikuiwekea kokoto, nilichoka siku hiyo. Ndiyo peke yake iliyobaki kijani. Nilikaa chini, nikajisemea, Teaberoa, ni wewe."

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Badala yake, tangu Januari amepita nyumba thelathini na moja akichota kokoto na kubadilisha udongo, bila malipo.

"Nabisha hodi, nasema kosa ni langu. Wengine hunipa chai. Wengine hunipa maneno."

Mimaere ni wa maneno, na ana haki. Mndimu mkubwa ulipandwa na marehemu mumewe. Bahari ilipopanda mpaka uani, chumvi iliuua. Ilibaki mbegu moja tu iliyoota.

"Nikampelekea huyu anipandie," ananiambia, akimnyooshea kidole. "Na nikamlipa!"

Teaberoa anaivuta ndoo karibu. Anaung'oa mche polepole, anakung'uta udongo wa zamani, anatoboa matundu matatu kwenye ndoo. Anazika makopo mawili yenye kutu chini ya udongo mpya ili mmea upate chuma, kama wazee wafanyavyo kwenye mashimo ya magimbi, kisha anaupanda mche tena na kuumwagia maji ya mvua. Ya kisima anayapiga marufuku, yana chokaa ileile.

"Utapona?" anauliza Mimaere, sauti imeshuka.

"Sijui, mama. Zamani ningekuapia."

Wiki tano baadaye narudi. Machipukizi manne yametokeza, kijani kibichi. Mimaere ameshika mkasi. Anakata tawi moja, analifunga kwa kitambaa chenye maji na kumkabidhi Teaberoa.

"Lioteshe kwako. Bahari ikirudi hapa, lako libaki."

"Mimi, mama? Baada ya yote?"

"Mjini wapo wataalamu wengi. Nani kati yao angekuja mpaka mlangoni kuniambia kosa ni lake? Shika, mkono unaniuma."

Teaberoa analipokea kwa mikono miwili, machozi yanamtoka waziwazi. Ana mpango wa kujenga meza ya mbao yenye kimo cha mtu, miche yake ikae juu, bahari ikipanda isiifikie, na aoteshe mindimu kwa kila nyumba iliyopoteza mndimu wake.

"Natamani siku moja nimletee ndimu ya tawi hili, akamulie samaki wake," ananiambia.

"Basi fanya haraka," Mimaere anamjibu. "Nina miaka sabini na mitatu."