Omer Badibanga na Tiketi ya Montreal

Omer Badibanga hakuwahi kuvuka bahari, lakini njia ya kutoka Bruseli hadi Montreal aliijua kuliko njia ya kutoka Kolwezi hadi Sandoa. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye ajansi ya ndege pale mjini Kolwezi, shingoni tai, akiwaandikia wahandisi na masista tiketi kwa mwandiko uliosifiwa. Msafiri akionyesha woga, Omer alimpa njia nzima bila kutazama kitabu: "Unapita juu ya Irlandi, halafu maji matupu saa nne, halafu unaona nchi tena. Kunywa kahawa, tata. Bahari haina habari na wewe."

Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Omer mwenyewe alizaliwa Musonoi, hapo hapo Kolwezi, akasomeshwa na mapadre, na Kasai aliijua kwa ramani tu. Hilo halikumsaidia. Mwaka 1993 vijana wa Katanga walipita nyumba kwa nyumba wakiwaita wenye asili ya Kasai bilulu, yaani wadudu, na nyumba yake ikapewa saa moja ya kuhama. Alitoka na mke wake Ndaya, godoro, sufuria mbili na mkoba wenye karatasi zao. Mlango aliufunga kwa ufunguo, ingawa waliosubiri kuingia walikuwa wamesimama uani.

Wakaketi stesheni pamoja na maelfu ya wengine, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Mvua iliwanyeshea. Watoto wakaanza kufa kwa kuhara. Ndaya alikuwa mgonjwa wa moyo. Miguu ilikuwa imevimba, na hakuweza kupumua ila ameketi, mgongo ukiegemea godoro lililokunjwa. Binti yao Tina, muuguzi Montreal, alikwisha kumpatia nafasi ya kupasuliwa huko. Pasipoti ilikuwepo, viza imegongwa. Ilibaki tiketi, ambayo Tina aliilipia kule ili itumwe kwa teleksi. Omer alijua wazi kwamba Ndaya akipakiwa kwenye behewa la mizigo, juani, bila dawa, hatafika popote.

Siku ya tisa, asubuhi, Mukalay akaja stesheni. Huyu alikuwa Mkatanga, kazi alifundishwa na Omer, na sasa alikuwa amekalia kiti cha Omer.

"Tata Omer, teleksi ya Tina imefika. Ndege ya Kinshasa ni kesho saa tatu."

"Mungu asifiwe."

"Ngoja kwanza. Ameandikisha Ernestine Badibanga."

Omer alifumba macho. Pasipoti ilisema Ndaya Kalombo. Tangu serikali ilipokataza majina ya ubatizo, karatasi zote za ofisi zilibeba jina moja, huku kanisani na nyumbani likibaki lingine. Tina alikua akimsikia mama yake akiitwa Ernestine, na huko aliko mke hubeba jina la mume. Aliandika jina la mama yake kama alivyolijua.

"Mi nitaandika Ndaya Kalombo, nani atajua?" Mukalay alinong'ona. "Nipe mama sasa hivi, akae kwangu na bibi yangu na batoto. Kesho namupandisha ndege."

"Bruseli watajua. Orodha yao ina jina la teleksi, na Tina hawezi kulibadilisha kabla ya kesho."

"Tata, hapa batu banakufa, na weye unafikiri orodha!"

Omer alikuwa na sababu. Mwaka 1979 alimwandikia mama mmoja hivyo hivyo, kwa huruma. Bruseli walimweka siku nne kwenye benchi la uwanja, wakamrudisha, na Omer alimwona akishuka ngazi za ndege ameshikiliwa kwapani. Moyo wa Ndaya usingeyaweza hayo. Tena, isifichwe, tangu siku ile katika nyumba ya Badibanga karatasi ya uongo haikutoka tena.

"Parokia ina kitabu," akasema. "Ubatizo na ndoa, majina yote mawili yamo. Wakiandika kwamba ni mtu mmoja na kupiga kashe, muhuri wao, nani atakataa? Karatasi kwanza. Mke wangu simfichi kwa watu kama kitu cha wizi. Saa tisa nitakuletea mke na karatasi pamoja."

Ndaya alikuwa amesikia. "Enda, tata Tina," akamwambia mumewe. "Huko Montreal batanipa kitanda yenye shuka?"

"Shuka zenye pasi."

"Basi usikawie."

Akamwacha na jirani yao Laurentine, akavua tai, akapita njia za nyuma. Parokiani padri hakuwepo. Alikuwepo karani, mama Mado, Mkatanga naye.

"Omer! Unatafuta kufa? Bakikuona hapa batatuchoma bote!"

"Mistari mitatu tu, mama Mado."

"Miaka yote shiye tulikupangia mustari kwa tiketi. Leo umekuja kupanga kwangu." Lakini alikwisha kufungua kabati. Alikuwa bado anatafuta ukurasa vijana walipopita nje wakiimba. Akamsukuma Omer ndani ya sakristia na kumfungia. Saa mbili nzima Omer alisimama kati ya kanzu za mapadre, akisikia wimbo ukienda na kurudi. Alipofunguliwa, karatasi ilikuwa na kashe mbili.

"Kamata. Umwambie Ernestine tuliimba kwaya pamoja, mi sijasahau."

Honi ya treni ikiondoka aliisikia akiwa bado njiani. Alikimbia, mzee wa miaka hamsini na minane. Stesheni alikuta matope, makopo, kiatu cha mtoto, na Mukalay amesimama peke yake, shati limechanika.

"Askari balipandisha batu kwa fimbo," Mukalay akasema. "Niliposikia treni imefika nikakimbia huku, nikamushika mama mukono. Bakaniuliza, na weye ni wa Kasai? Bakanitupa chini. Laurentine na wengine balimubeba na godoro yake. Mama alikuwa anakuita. Balimwambia umekufa."

Omer alifungua karatasi, akaisoma yote. Haikuwa na kosa hata moja.

"Ungeniachia mama asubuhi..." Mukalay alianza.

Kisha akauliza amwandikie Tina nini kwa teleksi. Omer alimtajia maneno ya kazi, yale yale aliyomfundisha: abiria hatafika uwanjani, tiketi ibaki wazi. Akaongeza, "Usimwandikie kwamba ni kosa lake."

Kolwezi wapo wanaosema kwamba Badibanga alimtupa mkewe ili aokoe nyumba. Nyumba hakuigeukia hata mara moja. Alipokea chupa ya maji kwa Mukalay, akaiweka karatasi ya parokia chini ya shati, na mchana ule ule akaanza kutembea katikati ya reli kuelekea Tenke, upande treni ilikokwenda, kwa mwendo wa mtu anayejua kwamba amechelewa.