Mashine Haijawahi Kuuza Viazi

Jumamosi nilikuwa soko la Gakoromone kununua viazi vya Timau. Binti wa mama muuzaji, ambaye kazi yake ni kupima programu za simu, alifika na mwenzake wa ofisini aliyetengeneza programu ya kupokea oda sokoni.

"Mashine ya kupima programu imeshaipima hii, haina kosa hata moja," kijana huyo akamtambia binti. "Hii kazi yako inaisha."

Binti akaifungua programu hiyo kwenye simu. Alimpa mama yake simu. Mama akapangusa vidole kwa leso, akaanza kuandika oda yangu. Mteja mwingine akatokea. Mama akaweka simu juu ya gunia, wakajuliana hali, akampimia ndoo, akamwongezea viazi viwili. Aliporudi kwenye simu, oda yangu ilikuwa imefutika.

"Kwani hii kitu haijui kungoja?" akauliza.

Kijana akatoa kalamu, akaandika kosa hilo. Mashine yake ilipima kila kitu isipokuwa mtu anayekatizwa kazi, na sokoni hakuna mtu wa aina nyingine.

Mama alimtazama bintiye kwa fahari, kisha akaniinamia: "Huyu alifungua redio yangu akiwa mdogo, ati anatafuta mahali inakwama. Kumbe nilimchapa bure."