Amina Kabla ya Kumeza

Mpimaji ana mikono mikubwa, lakini mpira mwembamba wa kipimo anaupitisha puani mwa Felgona hadi kooni kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Anataka kujua kama mlango wa tumbo unafunguka anapomeza. Kila anapomdondoshea maji mdomoni na kusema, "Meza, mama," koo lake mwenyewe linameza pia. Felgona anajibu, "Amina," na mstari kwenye mashine iliyounganishwa na mpira unaruka.

"Mama, ukiongea kipimo kinaharibika."

Felgona anaangalia sakafu. "Nisamehe, daktari. Ni mazoea ya Komunyo. Siku hizi Mwili wa Bwana unanirudi mdomoni, nautema kwenye leso. Pale kanisani Asumbi watu waliona, nikaacha kupokea."

Mpimaji hacheki. Anachota maji tena, anangoja.

"Anza na amina, mama. Halafu tumeze."