Taa ya Umande

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu. Nilikuwa nimeandikwa kufagia studio ya video pale Voi, karibu na soko. Mwenye Studio, mwanamume mrefu aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba, alinionyesha mashine iliyokaa mezani kama kuku anayeatamia.

"Mama, hii ni deki. Ndiyo inasoma kanda. Vumbi likiingia humu, mimi na wewe tunarudi kulima."

Mimi niliishia darasa la nne, na kulima nilikujua. Nikamwaga maji sakafuni kwanza, ndipo nikafagia.

Jua halijawa kali, akaingia mteja kutoka Werugha. Kanda ya harusi ameifunga kwa leso, ameiweka katikati ya kabeji ndani ya kikapu. Mwenye Studio hakuitia kwenye deki. Aliipandisha juu ya kabati akamwambia arudi kesho. Yule mtu akaanza kulalamika habari ya nauli.

"Wewe umetoka kwenye ukungu umeingia kwenye tanuri," Mwenye Studio akamwambia. "Kanda yako inatoka jasho, kama wewe. Nikiitia sasa, inanata ndani na kukatika. Utamwoa mkeo tena ndiyo tupige nyingine?"

Mteja alipoondoka, alinionyesha taa ndogo chini ya vifungo vya deki. Aliiita taa ya umande. Ikiwaka, mashine imehisi unyevu ndani yake na haitazungusha kitu mpaka ikauke. "Ukiiona hiyo, usibishane nayo," alisema. "Mashine haina sababu ya kudanganya mtu."

Neno hilo nimelishika mpaka leo. Nyinyi mnaopiga picha kwa simu na kuzifuta kabla chai haijapoa, hamkujua taabu hiyo, kwa hivyo someni polepole.

Baadaye nilitoka kwenye ufagio nikawa mshika nyaya. Tulienda Mwatate, tukaenda Marungu, tukapanda Mwanda, mimi na masanduku, yeye na kamera begani. Nilijifunza kusafisha kichwa cha deki, yaani kile kipande kinachozunguka na kusoma kanda. Unatumia spiriti na kipande cha ngozi laini. Pamba hapana, inaacha nyuzi. Na unafuata upande ule kichwa kinakozunguka. Ukisugua juu na chini umekiua, na hakuna kesi utakayoshinda.

Lakini sheria kubwa ya Mwenye Studio haikuwa ya deki. Ilikuwa hii: wazee wakianza kutasa, kamera chini.

Kutasa, kwa wale mliozaliwa mbali, ni hivi. Mzazi au mzee anachukua funda la dengelua, ile pombe ya miwa, au maji tu, na kulirusha kwa mdomo kama manyunyu huku akitaja watu wake. Hapo anatoa hasira aliyokuwa ameiweka moyoni juu yao. Hasira ya mzazi isipotolewa haiozi. Inakaa, inangoja, halafu inatafuta mtoto, na akikosekana mtoto, mjukuu. Watu wa kanisa wengine hawataki kusikia haya, lakini hao hao nimewaona nyuma ya nyumba wakirusha soda.

Nilimwuliza siku moja, "Kwa nini tusichukue, Mzee? Si ndiyo kitu kizuri kuliko hotuba zote?"

"Ile ni ya waliopo," akanijibu. "Ukiitia kwenye kanda, itamfikia nani? Na itamfikia lini?"

Alisema hivyo akikunja waya, kama mtu anayeuliza bei ya viazi.

Kutoka hapo nilienda Wundanyi, kwenye ofisi ya kanisa, chini ya Katibu. Kule taa ya umande iliwaka kila asubuhi kwa sababu ya ukungu, na mimi niliwasha jiko la makaa pembeni mpaka chumba kikauke. Katibu alikuwa mtu wa mzaha. "Mama Mkamburi," alizoea kusema, "tunarekodi ibada au tunakausha samaki?" Nilikaa kwake miaka mingi, hakuna kanda iliyokatika mikononi mwangu. Mwenye Studio alifariki nikiwa huko. Niliwapikia wageni kwenye matanga yake.

Kazi yangu ya mwisho ilinirudisha Voi, kwa mtu niliyemwita Mhariri. Wazazi wake walikuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, yeye akakulia kwenye nyumba za reli, na Kidawida chake, lugha yetu ya huku, kilikuwa cha matusi tu. Kazi yetu ilikuwa kuhamisha kanda za zamani kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Kanda zenyewe zilikuwa zile ndogo za kuenea kiganjani. Deki inasoma, waya mwembamba unapeleka picha, na programu ya kuhariri inapokea kule kwenye kompyuta. Programu ndiyo inaamuru deki: anza, simama, rudi nyuma. Mimi nilishughulika na deki, Mhariri na kompyuta, na kwa waya tulilaumiana.

Ndipo akaja Righa.

Alikuwa mama wa makamo, mke wa fundi wa reli. Aliweka kanda mezani kwa mikono miwili. Ilikuwa imetoka Mwanda asubuhi hiyo, baridi kama jiwe la mtoni.

"Ni harusi ya mdogo wangu Saru," alisema. "Mimi sikuweko. Mama alinifukuza nilipoolewa na mtu wa mbali. Aliniambia nisikanyage kwake, na sikukanyaga mpaka akafa. Sasa watu wanasema siku ile ya Saru alitasa na kutaja watoto wake wote. Wengine wanasema alitaja wote isipokuwa mimi."

"Na wewe unataka kujua," nikasema.

"Jumamosi binti yangu anaolewa. Watanipa maji nimtasie. Nitamtolea nini, bibi, kama mimi mwenyewe bado nimefungwa? Kama hakunitaja, nitamwachia shangazi yake amtasie, mimi nikae nyuma na wageni."

Nikaipandisha kanda kabatini. Ilikaa huko mpaka Alhamisi, kabati likiwa moto kama kifuniko cha sufuria, na Righa akarudi mchana. Niliishika kanda ile. Ilikuwa kavu kama ganda la karanga.

Nikaitia. Taa ya umande haikuwaka. Picha ikaonekana kwenye kioo kidogo cha deki, watu wanacheza, lakini kompyuta ikaandika kwamba haioni deki yoyote.

"Haioni deki iko hapa mbele ya macho yake!" Mhariri akasema. "Hii kompyuta ni kama shemeji yangu siku ya harambee."

Tukazima vyote viwili. Waya ule hauchomekwi mashine ikiwa na moto, maana unaweza kuunguza tundu lake. Tukauchomoa, nikauangalia kwa miwani, nikaona pini moja imelala. Tukatia waya mwingine, tukawasha deki kwanza, halafu kompyuta, halafu programu. Ikakubali. Mhariri akabonyeza, deki ikazunguka yenyewe, harusi ikaanza kuingia.

Tuliiangalia sote. Wageni, keki, kwaya. Halafu kikongwe mwembamba akasimama na kibuyu mkononi. Righa akashika ukingo wa meza. Kikongwe akainua kibuyu, akafungua mdomo, na picha ikakatika. Programu ikaandika kwamba kanda imekwisha.

Kanda haikuwa imekwisha. Nilikuwa naiona kwenye kidirisha, imebaki zaidi ya nusu. Tukarudi nyuma, tukaanza tena. Kibuyu, mdomo, kimya. Nikasafisha kichwa cha deki. Tukaanza tena. Kibuyu, mdomo, kimya.

"Mama Mkamburi," Mhariri akasema, na safari hii hakucheka, "hii kanda imekataa."

"Si kanda," Righa akasema. "Ni yeye. Amenifungia hata huku."

Nikamwambia anyamaze kidogo. Nilichukua kasha la kanda, nikaona muhuri wa Mwenye Studio, yule wa kofia. Nikaelewa.

"Hajakufungia mtu," nikamwambia. "Kila picha kwenye kanda ina namba yake ya saa, zinafuatana. Mzee aliyepiga kanda hii hakuwa akichukua kutasa. Alizima kamera pale pale. Namba zimekatika, na programu ikikuta shimo inadhani ndiyo mwisho."

"Basi ndiyo mwisho wenyewe," Righa akasema.

"Mhariri, programu ikiacha kuamuru deki?"

Alikuwa ameshaelewa. Aliinyima programu uwezo wa kuamuru deki, ikawa kazi yake ni kumeza tu chochote kinachokuja. Deki nikaiendesha mimi kwa kidole.

Kibuyu. Mdomo. Kioo kikawa cheusi, kikatapakaa chengachenga, halafu namba za saa zikaanza upya kutoka sifuri. Picha ikarudi imelala ubavu: majani, viatu, pindo la leso. Alikuwa amewasha tena kamera ikining'inia begani. Kwa nini, sijui, maana harusi hiyo sikuwa naye. Katika kazi zetu zote hakuwahi kuwasha kabla ya watu kukaa kula.

Sauti ya kikongwe ikasikika, kwa Kidawida, nami nawaandikia kwa Kiswahili. "Saru, moyo wangu umepoa. Mwakio, moyo wangu umepoa." Baada ya kila jina, mrusho wa manyunyu, fuuu. Akataja wengine. Akanyamaza. Jina la Righa halikutoka.

Righa akaanza kuinuka kwenye kiti.

"Wewe wa kamera," ile sauti ikasema. "Mbona umelilaza jicho?"

"Mama, hii ni ya waliopo." Huyo alikuwa Mwenye Studio. Mtu niliyepika kwenye matanga yake, anasema maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya bei ya viazi.

"Najua. Wangu mmoja hayupo. Inua."

Picha ikainuka. Uso wa kikongwe ukajaa kwenye kioo. Hakuangalia kamera kama watu wanavyoiangalia, wakijitazama wenyewe. Aliangalia ng'ambo yake. Akahamisha macho polepole, akampita Mhariri, akanipita mimi, yakatulia upande ule alioketi Righa.

"Righa," alisema, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. "Umechelewa. Lakini umekuja."

Righa akaitika. Aliitika kwa sauti, kama mtoto aliyetumwa maji.

Kikongwe akachukua funda. Manyunyu yakapiga kioo cha kamera, matone yakateremka juu ya sura yake, na Righa akajipangusa uso kwa kiganja. Nilikuwa karibu naye. Machozi hayalowanishi paji la uso.

Deki ikafanya ka! Ikasimama. Taa ya umande ikawaka.

Mabati yalikuwa yanalia kwa jua. Treni ya mizigo ilipita kule chini na madirisha yakatetemeka.

"Ni joto," Mhariri akasema.

"Joto halileti umande," nikamwambia. "Nilikuwa nikiwasha jiko kuuondoa."

Akanusa hewa. "Nani amekuja na miwa humu?"

Nilifungua deki, kanda ikatoka imelowa. Kompyuta ilikuwa imemeza kila kitu mpaka matone yale. Mhariri alimwekea kwenye flashi, lakini Righa akakataa kuipokea. "Mpeni Saru," alisema. "Mimi nimeshapata."

Jumamosi nilienda kwenye harusi ya binti yake, maana alinialika na kukataa si adabu. Righa akaletewa maji kwenye bakuli. Vijana wakainua simu zao kama shamba la mahindi. Mimi nina ulimi wa zamani, nikasema kwa nguvu, "Simu chini! Hii ni ya waliopo!"

Zikaanza kushuka. Righa akanigeukia.

"Ziache, bibi," alisema. "Alinifikia kwa njia hiyo. Na mimi nitamfikia kwa hiyo hiyo."

Akamtasia binti yake, akamtaja kwa majina yote mawili, mpaka bibi harusi akalia na rangi za macho zikaharibika. Halafu akaisogelea simu iliyokuwa karibu, akatazama ndani ya kile kijicho chake, akasema, "Mama, moyo wangu umepoa," na kuirushia maji. Mwenye simu alikuwa mpwa wake. Alitaka kulalamika, akaniona, akafunga mdomo.

Sasa nimestaafu, niko Marungu na mbuzi zangu. Watu huniuliza kazi ile ilinifundisha nini. Ilinifundisha kuangalia waya kabla ya kulaumu kompyuta, na kutotia kanda baridi kwenye deki moto. Zaidi ya hapo sina mahubiri. Mwenye Studio aliuliza itamfikia nani, na itamfikia lini. Alikuwa na haki ya kuuliza. Nadhani ndiyo sababu siku ile aliwasha kamera.

Mhariri alipofunga duka alinipa deki. Iko rafuni, imefunikwa kitambaa. Huiwasha mara moja moja ili mipira ya ndani isigande, bila kanda, wakati wa kiangazi, mchana. Ile taa ya umande nimeibandika plasta, nisijue kama inawaka, na asiibandue mtu.