Watu Kumi, Viti Vinane

Umewahi kumwambia mgonjwa, uso kwa uso, kwamba kiti chake amekikalia mwingine?

Rosenda, muuguzi mkuu wa kituo chetu cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo hapa mjini Iloilo, ambaye sote tulimwita Nang, yaani dada mkubwa, aliifanya kazi hiyo miaka kumi na sita. Yeye ndiye aliyepanga wagonjwa na zamu za wauguzi. Viti ni vinane, lakini kila asubuhi aliandika watu tisa, kwa kuwa daima kuna mmoja asiyefika. Mwenye kituo alitaka hivyo. Mashine ikikaa bure, anaiita hasara. Mtu akikaa bure barazani, miguu imevimba, haiiti kitu.

Sikukuu ya Mtakatifu Isidro, Nang aliandika kumi, maana siku ya sherehe wengi hutoroka. Wauguzi wawili akawapa ruhusa. Tukabaki yeye na mimi niliyetoka chuoni juzi. Naye, kwa mara ya kwanza, akajiandikia kuondoka saa tano. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na kaka tu, kule milimani, aliyemwambia kwenye simu: "Usipokuja na mwaka huu, sahani yako hatuiweki tena."

Wote kumi walikuja, tena kabla hakujapambazuka. Walitaka damu safi ili wale nguruwe wa kuchoma bila hofu.

"Nimejinyima tangu jana," alisema mzee Fermin, mmoja wa wawili waliokosa kiti. "Ukinirudisha, nafia mezani kwako."

"Meza yenyewe ndogo, baba. Miguu itaning'inia."

Mzee alicheka. Nang hakucheka.

Nilitaka tumpigie mwenye kituo, aje ajionee mwenyewe.

"Mdogo wangu, hasira zako zitamsafisha nani damu? Zamu yako ikiisha, nenda ukale."

Nikaenda. Saa tano viti vilipoachwa wazi, akawaunganisha wale wawili na mashine, akakaa nao hadi saa tisa. Basi la mwisho la kwenda kwao milimani huondoka saa nane.

Asubuhi iliyofuata nilimwona stendi, amevaa gauni la maua. Basi la milimani lilikuwa likishusha watu, macho mazito, kila mmoja na kifurushi cha nyama ndani ya jani la mgomba.

"Unakwenda wapi, Nang?" kondakta alimwuliza. "Sherehe imekwisha."

Alipanda, akakaa dirishani, peke yake katika basi zima.