Tarakimu ya Mwisho Mguuni mwa Korongo

Korongo weupe huzaliana Ulaya, na baridi ya kule inapokaribia huruka kuja huku kusini kufuata panzi. Baadhi yao walivishwa pete mguuni wakiwa makinda. Ukisoma tarakimu za pete kwa darubini na kuzituma kwenye kituo cha kumbukumbu, utaelezwa ndege alianguliwa kijiji gani na nani alimvisha. Si kazi ngumu, hata wewe unaiweza. Ina sharti moja tu: usichokiona usikiandike, weka kistari.

Sharti hilo nililifundisha mimi mwenyewe, kwa kila rafiki niliyemkokota Jumamosi kwenda kutazama ndege. Nilikuwa nimefika Johannesburg kutoka Morogoro na mume wangu, aliporudi kwao baada ya miaka ya uhamishoni, na ndege ndio walionizoesha mji.

Msimu mmoja korongo walitua kwenye uwanja wa nyasi kule Turffontein, karibu na kiwanja cha mbio za farasi. Mlinzi wa geti, Mkongo wa Lubumbashi, aliniruhusu kuingia. Mmoja wa korongo alikuwa na pete. Sasa, korongo akishikwa na joto hujinyea miguuni ili apoe, na ile miguu myekundu inageuka myeupe kama iliyopakwa chokaa. Tarakimu ya mwisho ilikuwa imefunikwa nusu.

Mlinzi alikuwa nyuma yangu. "Mama, ile ya mwisho iko saba," alisema. "Asubuhi alipita hapa karibu na miye."

Nilimweleza kwa upole kwamba jicho tupu hudanganya, ndiyo maana tunatumia darubini. Nilimweleza vizuri sana, hadi akaomba radhi. Kisha nikaandika moja. Sikuwa nimeiona hiyo moja. Nilichokiona ni kijistari kilichochungulia kwenye kinyesi, na nilikuwa na hamu ya jibu.

Jibu lilikuja, pamoja na barua ya mzee wa Polandi aliyemvisha pete ndege huyo. Kinda lile lilianguka kutoka kwenye kiota juu ya ghala lake, akalilisha kwa mkono mpaka likaruka. Tangu hapo hakulisikia tena. Alinishukuru kama mtu aliyeletewa habari za mwanawe. Nilimsomea mume wangu barua ile mara mbili, na kila aliyekuja kwetu nikamwonyesha.

Wiki iliyofuata mvua kubwa ilinyesha. Mlinzi alinipigia simu niende upesi na darubini. Nilimkuta amesimama kando, mikono nyuma, akanipisha. Miguu ya korongo yule ilikuwa myekundu, safi. Mwishoni mwa pete palikuwa na saba.

Nilibaki nimeinama kwenye darubini muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana sikujua nimtazameje.

"Mvua ilishamusafisha," alisema.

Nikamwambia yote: kwamba niliandika moja, na kwamba kuna mzee anayeamini ndege wake yuko hapa. Akafikiri. "Basi umuandikie, mama. Lakini usimuambie ndege yake ilikufa. Hiyo pia hatukuiona."

Nilituma marekebisho, na mahali pa jina la msomaji nikaandika la mlinzi. Kwa mzee niliandika barua fupi, bila kisingizio cha joto wala cha kinyesi. Kosa langu halikuwa macho.

Alijibu korongo walipokuwa wameshaondoka. Alisema anaelewa, na kwamba hata hivyo alikuwa amekwisha kupanda juu ya ghala kukitengeneza upya kile kiota, magoti yake yakimuuma. Si hasara, ndege mwingine huenda akakitumia.

Barua ile ya pili sikumwonyesha mtu ila mlinzi. Aliisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mzee huyo ana umri gani. Sikuwahi kuuliza.